Kamandi ya Mkoa wa Ziwa, Hasara: Hakuna

Alizaliwa wapi na nani alimzaa, sijui, na sikuuliza. Mimi nilimkuta tayari ni Komanda. Ilikuwa mwaka 2009, kwenye maegesho ya magari ya maduka fulani pale Queensburgh, Durban, Afrika Kusini. Alikuwa amevaa kizibao cha rangi ya machungwa kinachong'aa, suruali imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na mpini wa ufagio ameubana kwapani. Kazi yake ilikuwa kuonyesha watu pa kuegesha gari na kulilinda mpaka warudi na vifurushi vyao. Lakini usithubutu kumwambia hivyo. Yeye alikuwa anaongoza kamandi.

Kamandi ya kweli aliiongoza kwetu Kongo, wakati wa vita. Iliitwa Kamandi ya Mkoa wa Ziwa, na ilishika milima yote kutoka mpakani hadi bandarini, pamoja na sisi tuliokuwa katikati na mbuzi wetu. Ilikuwa ya upande gani, nawaachia wanaopenda siasa. Mbuzi wa mama yangu waliliwa na kila upande uliopita, na hakuna upande uliotuachia hata ngozi.

Walinzi wa pale Queensburgh walikuwa Wakongomani na Warundi. Mmoja alikuwa muuguzi, mmoja mchungaji, mwingine alifundisha hesabu chuo kikuu. Wote walikuwa wamefika Durban kulinda Toyota za watu. Komanda aliona fujo hiyo akaipanga. Upande wa duka la mikate ukawa Secteur Nord, kaskazini. Upande wa duka la pombe ukawa Secteur Sud, kusini, na huko akampeleka mchungaji, ati kwa sababu za maadili. Kila asubuhi walisimama mstari mmoja, naye akapita mbele yao mikono nyuma, akiuliza hali.

"Situation?"

"Sous contrôle, Komanda!" Yaani hali shwari.

Jioni kila mtu alimpa rapport ya maandishi. Niliwahi kusoma moja, ya yule mwalimu wa hesabu, maskini, mtu wa elimu yake: "Saa nne na dakika kumi gari nyeupe imetoka bila dereva kusalimia. Tumemsamehe." Komanda alitia sahihi chini, akapiga na mstari.

Siku moja, wakiwa wamesimama mstari hivyo hivyo, wote, kutoka Nord mpaka Sud, macho mbele, wezi wakaja wakachukua gari ya mtu. Walifungua mlango taratibu, wakawasha, wakatoka getini, na nasikia mmoja aliwapungia mkono. Nani angegeuka? Ukaguzi ulikuwa unaendelea. Mwenye gari alipotoka na mikate yake alipiga kelele mpaka wauza nyama wakatoka na visu. Komanda akaandika rapport mwenyewe, nikaichapa mimi: adui alitumia fursa ya zamu, kikosi kilibaki imara, nidhamu haikutetereka. Hasara: hakuna.

Nilimwambia, "Lakini Papa, gari imekwenda."

"Gari si yetu, Secrétaire."

Secrétaire ndiye mimi. Nilikuwa na kibanda changu Isipingo, karibu na rank ya taxi, kituo cha mabasi madogo, kelele tangu alfajiri. Nilitengeneza simu, na nilikuwa na kompyuta na printa, kwa hiyo nikachapa barua za watu, CV, na maombi ya karatasi za ukimbizi. Ubavuni kwangu alikuwa kinyozi mmoja Mrundi, mwenye kiti kimoja, kioo kimoja, na mdomo wa kutosha watu kumi. Komanda alipanga chumba nyuma ya mtaa wetu, na kwenda Queensburgh alibadili taxi mara mbili. Kila Jumamosi alikuja kwangu baada ya kazi, akakaa kwenye kreti la soda, akafungua kifungo kimoja cha shati. Hicho kimoja ndicho kilikuwa mapumziko yake.

Kitu cha kwanza alichonichapisha ni maelezo yake ya ukimbizi. Akaniambia niandike kwamba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, darasa la tatu.

"Kwa nini la tatu?"

"La kwanza wanalia sana."

Nikachapa. Kila mtu anajua, aliyeongoza askari akikiri, karatasi haipati, na pengine anapata vitu vingine ambavyo hakuomba. Sikumlaumu. Nimewachapia watu wengi pale, na kama ningeamini yote niliyochapa, Kongo nzima ilikuwa ya walimu na washonaji, hakuna aliyeshika bunduki. Vita vilipiganwa na nani, Mungu ndiye anajua.

Lakini Jumamosi ile ile, wino haujakauka, akatoa daftari. "Sasa tunaanza historia," akasema. "Historia ya Kamandi. Sura ya kwanza."

"Papa, mimi nichape lipi? Mwalimu au Komanda?"

"Ya serikali ni mwalimu. Ya historia ni Komanda. Usichanganye faili."

Basi ndivyo tulivyoishi, mwaka hadi mwaka. Alisimama kutoa imla, hakukaa. Alichora ramani kwenye makaratasi ya maboksi ya unga, milima kwa kalamu ya bluu, adui kwa nyekundu, na mahali tulipoishi sisi raia pakabaki boksi tupu na maandishi ya kiwanda. Kila sura ilikuwa na mashambulizi, mipango, werevu wa makao makuu, na hotuba aliyowatolea askari, ndefu, ambayo naapa aliitunga pale pale mbele ya vifuniko vya simu zangu. Na kila sura iliisha na mstari ule ule: Hasara: hakuna. Daraja lilivunjwa, hasara hakuna. Soko lilipigwa mabomu siku ya soko, hasara hakuna. Walirudi nyuma siku nne kwa miguu, bila chakula, wakipita porini. Hasara hakuna.

"Hakuna hata aliyejikwaa?" kinyozi aliuliza kutoka upande wake, mkasi hewani.

"Nani ametoa amri ya kuongea?"

Hilo lilikuwa neno lake. Umeme ukikatika, nani ametoa amri? Mtoto akilia kanisani, nani ametoa amri? Mvua ikinyesha siku ya harusi, anatazama juu, anauliza. Kinyozi alikuwa akipiga chafya kwa makusudi ili aulizwe.

Usidhani alikuwa mtu mbaya wa kuonekana. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu. Angekuwa mbaya ningelala vizuri. Kwenye robot, zile taa za barabarani, hata barabara iwe tupu mpaka upeo, taa ikiwa nyekundu alisimama, na sisi wote nyuma yake tukasimama kama watoto wa shule. Kanisani aliimba sauti ya tatu, vibaya, kwa moyo wote. Alipoombea maadui, aliwaombea kwa kufuata vyeo, kuanzia kanali kushuka chini, na mchungaji alijifunza kutomkatiza. Polisi wa trafiki walimtetemesha; akiona sare tu alivua kofia, akashika karatasi yake ya mwalimu kwa mikono miwili.

Na kulikuwa na bibi mmoja mzungu wa Queensburgh, mzee sana, mwenye kagari kadogo na kambwa kadogo zaidi. Kila Alhamisi Komanda alimbebea vitu vyake na kukashika kambwa kale kwapani, penye mpini wa ufagio, huku anampigia bibi saluti. Bibi alimpa biskuti. Alipokufa, Komanda aliazima suti kwa kinyozi, akaenda mazikoni, akakaa nyuma. Jumamosi alikuja macho mekundu. Aliniambia saa aliyokufa yule bibi, ugonjwa wake, wimbo walioimba, jina la mbwa na nani amemchukua mbwa. Kisha akafungua daftari, tukaendelea na sura ya kuchomwa kwa vijiji vitatu. Hasara unaijua.

Siku hiyo nilitaka kumpiga na printa.

Sasa lazima niseme kwa nini sikumpiga, na kwa nini nilichapa upuuzi ule miaka sita mizima.

Nilikuwa na kaka. Alikuwa fundi redio sokoni kwetu, ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi nikiwa msichana, wakati wengine wanafundishwa kusuka. Makao makuu ya Kamandi ya Mkoa wa Ziwa yalikuwa kwenye kiwanda cha zamani cha kahawa, juu ya mji wetu. Tuliyaona kutoka mlangoni. Siku moja askari wawili walishuka wakamwambia kaka yangu phonie imeharibika, ile redio kubwa ya jeshi, na mkubwa anamhitaji. Akachukua kijisanduku chake cha vifaa, akapanda nao. Alikuwa na mke na hakuwa na kosa. Wiki zikapita, wakasema yuko kazini. Miezi ikapita, kamandi ikahama, kiwanda kikabaki popo. Hakushuka.

Na kwetu kuna desturi. Kilio hakifunguliwi bila shahidi. Hata ujue moyoni, hata miaka ipite, lazima apatikane mtu mmoja asimame mbele ya wafiwa, aseme, "Mimi nilimwona fulani amekufa. Acheni kumngoja." Lazima alitaje jina. Asipopatikana huyo, huwashi moto wa matanga, hunyoi nywele, hulii kwa sauti. Kulia kabla ya shahidi ni kumuua wewe mwenyewe. Kwa hiyo mama yangu alikaa anangoja. Wifi yangu alikaa anangoja, si mke, si mjane, wanaume wanampita mbali. Mama alikuwa akinipigia simu Durban na jambo la kwanza ni hilo: "Umemsikia mtu huko?" Wakongomani wote wamekimbilia huko, alidhani, na huyo shahidi atakuwa amekimbia nao.

Hakukosea, Mama. Shahidi alikuwa amekaa kwenye kreti langu la soda. Siku ya sura ya kwanza, alipotamka kiwanda cha kahawa, vidole vyangu vilisimama kwenye herufi. Akauliza, "Nimekwenda mbio?" Nikasema, "Hapana, Papa, endelea."

Mtaniuliza kwa nini sikumuuliza siku ile ile. Kinyozi, niliyemwambia yeye peke yake, aliniuliza kila wiki. Nilijiambia kwamba mkubwa wa jeshi ukimuuliza swali anafunga mdomo, lakini ukimwacha aongee atafika mwenyewe. Nilijiambia kitabu kitafika kwenye sura ya mawasiliano, na pale patakuwa na fundi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mtu akiwa anangojwa bado anakula, bado ana njaa, bado anaweza kugonga mlango. Nilimwonea Mama huruma na nikamficha, miaka yote ile, kwa sababu ya uoga wangu. Naona haya kuliandika.

Sura ya mawasiliano ilifika mwaka 2012. Alivaa tai siku hiyo. Akatoa imla kwamba katika historia yote ya Kamandi, mawasiliano hayakukatika hata saa moja, jambo ambalo majeshi ya Ulaya yangeweza kujifunza.

Nikauliza bila kugeuka, "Phonie zilikuwa zinatengenezwa na nani?"

"Tulikuwa na technicien."

"Alikuwa askari?"

"Raia. Mtu wa mji."

"Halafu alikwenda wapi?"

Nje watu wa rank walikuwa wanaita abiria wa Mobeni. Kinyozi alikuwa amezima mashine yake, kichwa cha mteja nusu kimenyolewa nusu bado.

"Alihamishwa," Komanda akasema.

"Wapi?"

"Weka point, Secrétaire. Hasara: hakuna."

Nikaweka point, ile nukta ya mwisho. Akaondoka bila kufunga kifungo, na hakuonekana Jumamosi nane. Aliporudi, alikuwa na fungu kubwa la sombe, majani ya muhogo, limeoshwa tayari, akaliweka juu ya meza. Ni nani aliyewahi kuona komanda ameosha sombe? Kinyozi alisema, "Huyu anajua kitu." Mimi nikasema, "Eish, nyamaza, unyoe watu." Tukaanza sura nyingine. Ilihusu nidhamu.

Ikafika 2015. Mnakumbuka miezi ile ya kuwafukuza wageni, sina haja ya kueleza sana. Zilianza kupita habari za simu, fungeni maduka, ondokeni. Halafu mawe. Vijana waliingia Isipingo mchana kweupe. Kibanda changu walikifungua kwa nondo, wakachukua simu za wateja, printa, kompyuta, hata kreti la soda. Kinyozi walimwachia kiti kwa sababu kilikuwa kizito. Tukapelekwa kwenye uwanja wa mpira, kwenye mahema meupe, sisi Wakongomani, Warundi, Wamalawi, kila mtu na mfuko wake wa plastiki.

Nilimkuta Komanda siku ya pili. Watu walikuwa wanamtafuta, kwa kuwa foleni ya chakula ilikuwa vurugu na choo kilikuwa vita, na kama kuna mtu aliyezaliwa kupanga foleni ya choo, ni yeye. Nasikia walinzi wake wa Queensburgh walisimama mstari mbele yake wenyewe, yule mwalimu wa hesabu mbele, wakangoja "Situation?" Hakusema. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amevaa kandambili za mtu mwingine, suruali imekunjamana kama ya sisi wote. Nitasema kweli: nilifurahi kidogo. Nilifurahi zaidi ya kidogo.

Aliponiona alisimama. "Secrétaire. Kitabu?"

"Wamechukua kompyuta."

"Na nakala?"

"Nakala zilikuwa kwenye droo. Droo wamechukua pia. Kitabu hakiko, Papa. Historia ya Kamandi imekwisha."

Akakaa tena kwenye ndoo. Mimi nikabaki nimesimama juu yake, na nikaona ghafla kwamba hakuna tena sura ya kungoja. Miaka sita nilikuwa najificha nyuma ya kompyuta ile, na vijana wa Isipingo wameniondolea. Nikasema.

"Technicien wa phonie alikuwa kaka yangu. Tumbo moja."

Hakushtuka.

"Najua," akasema. "Siku ya kwanza nilikuona unalehemu simu. Unapuliza ncha mara mbili kabla ya kugusa. Yeye vile vile. Niliuliza watu unatoka wapi, wakaniambia."

"Siku ya kwanza? Na ukakaa kwangu miaka sita unaniambia hasara hakuna?"

"Kila Jumamosi nilikuja kusema. Nikifika, inatoka ile ingine."

Halafu akasema. Alisema kwa sauti ya imla, mtu hana sauti nyingine. Phonie ilinyamaza siku mbili, adui anapanda mlima. Maofisa wakasema fundi ametuuza, amekata mawasiliano kwa makusudi. Kaka yangu akasema apewe nusu saa aifungue tena aangalie. Hawakumpa. Karatasi ikaletwa mezani, na Komanda akatia sahihi akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa na haraka. Walimpiga risasi nyuma ya matanuri ya kahawa, na yeye alikuwapo, aliona. Kesho yake mtu mwingine akafungua phonie. Ndani waya ulikuwa umetafunwa.

"Umetafunwa na nini?"

"Panya, Mama."

Mara ya kwanza aliniita Mama. Panya! Kamandi nzima, ramani, secteur, hotuba, werevu ambao Ulaya ingejifunza, na aliyeishinda ni panya, na aliyelipa ni kaka yangu. Nilicheka. Watu wa hema waligeuka kuniangalia, nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye nyasi, na kule chini nikagundua kwamba nimepumzika. Nilimchukia mtu yule mpaka mikono ikaniwasha, na papo hapo kifua changu kilikuwa chepesi, na wepesi ule ukanitia hasira zaidi.

Nilipoweza kuongea nikamwambia, "Utasema mbele ya watu. Mama yangu anangoja shahidi. Jumapili."

"Hapa? Hapa iko watu wa serikali. Iko wanaoandika." Akagusa mfuko wa shati. "Karatasi yangu inasema mwalimu."

"Najua inasema nini. Niliichapa mimi."

"Wakisikia, nimekwisha. Watanirudisha kule, na kule wananijua."

"Usiposema, mama yangu atakufa anamngoja mtoto. Ameshazeeka, Papa. Chagua."

Nikamwacha. Sikumwomba, na sikulia mbele yake. Nilimpigia Mama, nikamwambia shahidi amepatikana, lakini sijui kama atasimama. Mama akaniambia atatayarisha kuni.

Jumapili mchana tulikusanyika nyuma ya hema letu. Moto walinzi wa kambi walikataa, basi kinyozi akapanga mawe matatu, akaweka kuni bila kuwasha, akasema Mungu anaelewa maana ya kambi. Watu wa kwetu walikaa wanawake huku, wanaume kule. Nikaweka simu juu ya ndoo, sauti wazi, na upande wa pili tukamsikia Mama akikohoa, na wifi yangu, na majirani, na kuni zao zikipasuka. Kwao moto ulikuwa unawaka. Pale karibu na bomba la maji kulikuwa na vijana wawili wa ofisi ya serikali, na makaratasi yao, wanaandikisha majina.

Tukangoja. Kinyozi akaniangalia, nikatazama chini. Nilikuwa tayari nimeanza kutunga nitakachomwambia Mama, kwamba shahidi ameugua, kwamba tungoje kidogo tena. Nilikuwa bingwa wa hilo.

Kisha wanaume wakajisogeza. Alikuja bila kandambili, miguu mitupu, kama inavyotakiwa kwa shahidi. Aliwaona wale vijana wenye makaratasi, nilimwona akiwaona, akapita mbele yao. Alifika kwenye mawe akasimama wima. Nilimjua miaka sita, na sikuwahi kumwona mtu yule akikosa pa kuweka mikono.

"Mimi," akasema kwa sauti ya kufika bombani na kupita, "nilikuwa mkuu wa Kamandi ya Mkoa wa Ziwa."

Wale vijana waliinua vichwa.

"Mimi ndiye nilitia sahihi. Mtu hakuwa na kosa. Mimi nilimwona..."

Akasimama hapo hapo. Nilidhani ni machozi. Halafu akageuza shingo akanitazama, na nikaelewa. Hakulijua jina. Alimjua mbwa wa bibi wa Queensburgh kwa jina, na kaka yangu alipigwa risasi akiwa technicien, na miaka yote hiyo akabaki technicien. Macho yake yaliniomba. Nilifunga mdomo. Sitampa, nilisema moyoni, hata tukilala hapa. Desturi inasema lazima jina litajwe, na mimi sikuweza kumwekea jina lile mdomoni kwa mkono wangu.

Ni Mama aliyesema. Sauti ilitoka kwenye simu, ya kizee, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Faustin, Baba. Anaitwa Faustin."

"Mimi nilimwona Faustin amekufa," Komanda akasema. "Acheni kumngoja."

Simu ilikuwa safi siku ile, hata kuni tulizisikia. Lakini Mama akasema, "Sijasikia vizuri. Sema tena."

Akasema tena.